Rafu Iliyotembea Wakati wa Maombi

Nikiwaambia hii mtacheka, na mcheke tu, maana hiyo aibu nimeizoea kama kiatu cha zamani. Mimi ni fundi wa mbao hapa Kibuye, shule niliachia darasa la nne (mwalimu alinichapa kwa kosa la ndugu yangu, lakini hiyo tuiache), na bado chuo kimoja upande wa Bondo kiliniita nitengeneze rafu ya mfano ya maktaba yao mpya, wakiipenda nipewe kazi yote, wakiikataa rafu zote zitoke Nairobi.

Atieno, binti aliyechora ile maktaba, hakutaka kuta za ndani. Rafu ndizo kuta, ziko na magurudumu, leo unasukuma unapata ukumbi, kesho unasukuma unapata vyumba. Akaniambia, "Mzee, kila gurudumu liwe na breki." Mimi nikajisemea, breki ya nini, kabati si lori! Tangu nianze kazi hakuna kabati yangu imewahi kutoroka. Nikafunga magurudumu ya mtumba, bila breki.

Siku ya kuionyesha, kamati ikasimama, pasta akaanza maombi, wote tukafunga macho. Goti langu likanisumbua, nikaegemea rafu. Ikaondoka. Sakafu mpya inateleza kama kambare, na mimi nimeikumbatia rafu, tunaenda. Sasa utapiga kelele vipi na mtu anaongea na Mungu? Nikaona afadhali maombi yaishe. "Amina!"

Pasta akafikiri nimeguswa, akapandisha sauti, akaanza kuombea samaki wa ziwa.

"Amina, pasta, amina!"

Akaingia kwa kuombea mvua.

Alipomaliza, sauti ilikuwa inatoka nyuma ya rafu. Nilikuwa nimemfungia kwenye kona, yeye na mwenyekiti wa kamati.

"Ni nani amejenga hapa?" mwenyekiti akauliza kutoka ndani.

Atieno akaniangalia. "Mzee. Breki?"

"Nyathina," nikamwambia (yaani mwanangu), "si chumba kimepatikana?"

Hakucheka.

Rafu zilitoka Nairobi. Mimi nilionewa huruma, nikapewa meza ya pale mlangoni, ile ya kuazimia vitabu, imefungwa sakafuni kwa bolti, kitu pekee kwa maktaba nzima ambacho hakisongi. Mwenyekiti alikuja mwenyewe kuisukuma, mara tatu. Na siku hizi mtu akisema tuombe, mimi naketi chini kwanza, halafu nafunga jicho moja.