Mke niliyemrudisha kwao kwa kudanganya mimba, mtoto ameonekana hospitali

Mwangaluka, ndugu wasomaji. Mimi ni mwanaume wa miaka arobaini na mmoja, nina mke na watoto, naishi huku Bariadi, kijiji sitakitaja. Tangu makampuni binafsi yaruhusiwe kununua pamba mimi ni wakala wao, napima mizigo ya watu na wananiamini. Ndiyo maana nawaomba ninyi wa ukurasa huu mnifichie jina.

Kabla ya mke niliye naye nilioa binti wa Sapiwi, nimwite Kabula. Mwaka ule ule akashika mimba. Tumbo likakua, mtoto akaanza kucheza, na Kabula alipenda kuuchukua mkono wangu auweke pale. "Umemsikia?" Nilimsikia jamani, alipiga teke hadi nikacheka. Mimba ikiwa kubwa akashikwa na maumivu makali, akalala siku kadhaa, tukampa miti shamba akapata nafuu. Ila uchungu wa kuzaa haukuja. Miezi ikapita, tumbo likapungua, likabaki gumu upande mmoja. Kila akiulizwa alijibu vile vile, "Mtoto yumo, hajatoka."

Mayu, yaani mama yangu, akasema huyu ametudanganya, alikuwa anajifunga matambara tumboni. Maneno yakasambaa, mimi nikachoka kuchekwa. Kikao kikaitwa. Kwetu mke aliyezaa akirudishwa kwao, sehemu ya ng'ombe wa mahari hubaki huko kwa ajili ya mtoto. Kama hakuzaa, wanarudi wote. Mzee mmoja akaniuliza, "Wewe mwenyewe uliwahi kumsikia huyo mtoto akicheza?" Nikajibu sikuwahi. Nilijua ninachokisema. Kabula hakulia, alinitazama tu.

Ng'ombe wakarudi wote. Ubaya ni kwamba kaka yake alikuwa ameshawatoa yeye kwenda kuoa, kwa hiyo na mke wake akachukuliwa na wakwe. Ng'ombe hao hao ndio niliomuolea mke niliye naye sasa. Nikaendelea na maisha yangu.

Hivi karibuni kaka yake huyo akanifuata pale ninapopimia pamba. Hakunisalimia. "Dada yuko hospitali. Twende ukaone mwenyewe." Kumbe Kabula aliugua tumbo, akapigwa eksirei, picha ikaonyesha mifupa ya mtoto. Alipopasuliwa wakamtoa amekauka, mgumu kama jiwe. Daktari alituambia mambo haya alikuwa anayasoma kwenye vitabu tu, hajawahi kuyaona, na aliwaita wenzake waje watazame. Mimba ilitungwa nje ya mfuko wa uzazi, mtoto alipokufa hakuwa na njia ya kutokea, mwili wa mama ukamfunika chokaa ili asimuozee ndani. Miaka yote hiyo Kabula amembeba mwanangu huku watu wakimwita mwongo, na mtu wa kwanza kumkana alikuwa mimi.

Nilipofika kitandani nikasema pole. Hilo tu. Nilikuwa na aibu hadi nikashindwa kukaa.

Akaniambia taratibu, "Ng'ombe siwataki. Siku ya kumzika wazee watakuwepo, sema mbele yao kwamba ulimsikia." Nikaitikia kwa kichwa.

Nikarudi nyumbani nikamweleza mama yote. Amezeeka, kutembea hawezi tena. Akasema, "Hata mimi nilimsikia. Nilikuwa namkanda mgongo, mtoto akacheza chini ya mkono wangu. Nilitaka ng'ombe warudi. Sasa nyamaza mwanangu, niache nife na heshima yangu."

Wanazika Jumapili, nyumbani kwao Kabula, na wazee lazima watauliza maneno ya matambara yalitoka kwa nani. Nikisema ni mimi peke yangu nitakuwa nimedanganya tena, mbele ya watu wale wale, mbele ya Kabula. Nikisema kweli yote, namvua nguo mama aliyenizaa, na hana siku nyingi. Nisemeni mnavyotaka, nimestahili, ila mnipe neno kabla ya Jumapili: nimtaje mama yangu, au nimzike mwanangu kwa uongo mwingine?