Springi ya mlango wa gereji ilikatika siku ya msiba wa baba, na mtani akakataa kuku

Wakuu, salamu kwenu nyote, na walionizidi umri humu, shikamoo.

Nimesoma uzi wa mwenzetu anayeuliza kama anaweza kufungua mwenyewe springi ya mlango wa gereji iliyokatika. Wengi wamemjibu kwa mzaha.

Mimi sina utaalamu, shule yangu iliishia darasa la saba. Lakini jambo hilo lilitufika nyumbani. Nitaandika niliyoyaona, na ambayo sikuyaona nitasema sikuyaona.

Kaka yangu Hamisi, ambaye kisa hiki ni chake, tumemzika mwezi uliopita. Ndiyo maana nimekuwa kimya humu.

Ilikuwa miaka ya Ujamaa, Tabora mjini. Nilikuwa nimeshamaliza shule, niko nyumbani na mama. Baba alikuwa akifanya biashara ya asali na nta. Alipanga nyumba iliyojengwa na Mzungu mmoja wa reli kabla ya Uhuru, na nyumba hiyo ilikuwa na gereji. Watu wa mtaa walikuwa wanakuja kuutazama mlango wake tu.

Kwa wasioujua: ulikuwa mlango mmoja mzima wa mbao za mninga, mzito sana. Haukufunguka kwa pembeni. Unaushika chini, unauinua, unapanda wote na kulala juu, chini ya dari. Kilichoubeba ni springi mbili ndefu kwa ndani, moja kila upande.

Mlango ukiwa chini, springi zimevutika kabisa. Ukiwa juu, zimelegea. Shikeni hapo.

Baba alifia hospitali Jumamosi usiku. Alikuwa ameagiza azikwe karibu na mama yake, upande wa Isikizya, kwenye mahame. Watu wa kule walikuwa wameshahamia kijiji cha ujamaa, nyumba zao za zamani zimebaki vichuguu, lakini makaburi hayahamishwi.

Sasa tatizo likawa saa. Miaka ile, Jumapili baada ya saa nane mchana gari la mtu binafsi halikuruhusiwa barabarani, kwa ajili ya kubana mafuta. Kibali kilikuwepo, ila umtafute mkubwa wa kukitia sahihi, na Jumapili utampata wapi. Majirani wenye magari hawakuwa na petroli. Pikapu ya baba ilikuwa nayo.

Na sisi Waislamu maiti hatuiweki. Kwa hiyo baba aondoke mapema kwa gari lake mwenyewe, au alale ndani siku nyingine huku wosia wake unatutazama.

Asubuhi Hamisi akaenda kufungua gereji. Mimi nilikuwa nachota maji ya kuoshea maiti. Nikasikia mlio, nikadhani bunduki.

Springi ya kushoto ilikuwa imekatika. Mlango ulikuwa umepanda kidogo upande mmoja, ukakwama mshazari. Hauendi juu, haurudi chini. Wanaume wakausukuma, wapi.

Hamisi hakuwa mjinga. Nusu ya baiskeli za mtaa wetu zilipita mikononi mwake. Hesabu yake ilikuwa kwamba springi ya kulia inavuta peke yake, ndiyo inaukwamisha. Akiifungua, mlango utakaa sawa, wanaume watauinua kwa nguvu zao. Hata leo nikiifikiria naona ina maana.

Akaingia kwa mlango mdogo wa ubavuni na spana ya baba, akaanza kulegeza nati ya ile bolti iliyoshika springi ukutani.

Hapo akaja Mzee Pazi.

Mzee Pazi alikuwa Mzaramo, fundi cherehani wa sokoni, rafiki wa baba. Kwa vijana wasiojua, Wazaramo na sisi Wanyamwezi ni watani, tangu wazee wetu walipokuwa wakibeba pembe za ndovu kwa miguu hadi pwani na kupita kwao. Mtani ana ruhusa msibani ambayo ndugu hana. Anaweza kukalia jembe la kuchimbia kaburi, asiliachie mpaka likombolewe kwa chochote, kuku au hata kikombe cha kahawa. Watu wanacheka, na wenye kulia wanapata kupumua.

Siku hiyo alikuwa ameshaanza kazi yake tangu alfajiri. Alipita mbele ya wanaume akasema, "Wanyamwezi mmebeba mizigo ya watu mpaka pwani. Leo mmoja wenu kapata wa kumbeba, na bado anajifungia mlango." Hata shekhe alijifanya anakohoa.

Kwa hiyo alipoingia gereji, akaitazama ile springi na kusema, "Wewe Mnyamwezi, huyo ni nyoka umemkanyaga. Ukimwachia anakuuma wewe, haniumi mimi," watu wakacheka. Hamisi naye akacheka, akaendelea kuzungusha spana.

Mzee Pazi akawaambia wauinue mlango kwanza mpaka juu, ndipo wafungue. Wakacheka tena. Mtu ambaye muda mfupi uliopita kasema marehemu kajifungia mlango, nani angemsikiliza?

Basi akampokonya Hamisi spana. Akatoka nayo uani, akaiweka chini, akaikalia.

Haya nayaandika kwa kuyaona, nilikuwa pale na ndoo yangu. Watu walifurahi, maana huo ndio utani wenyewe. Mjomba akaleta kahawa ya kuikomboa spana. Mzee Pazi akakataa. Akaletewa kuku, akageuza uso. Mjomba akaahidi mbuzi. Akasema hataki mbuzi.

Kicheko kikapungua. Jua lilikuwa linapanda na Hamisi ameanza kukasirika.

"Mzee Pazi, baba amelala pale ndani. Utani una mwisho."

"Una mwisho," akasema. "Ndiyo maana sikupi."

Hamisi akamgeuzia mgongo. Akaenda kwa jirani, akaazima spana nyingine, akarudi anaelekea mlango mdogo. Mzee Pazi akainuka kumfuata, vijana wakamshika, wakimwambia aache, amezidisha.

Mama alikuwa chumbani na wanawake, na dirisha lao lilitazama uani. Tangu usiku alikuwa hajalia. Hakuwa amesema neno zaidi ya kuitikia pole za watu. Nikasikia sauti yake dirishani, wala si kubwa.

"Hamisi. Mtani aliyekataa kuku hatanii. Rudi."

Hamisi alikuwa tayari ameweka mguu mmoja ndani. Alikuwa mtu mzima, mwenye ndevu zake. Akasimama hivyo kidogo, kisha akautoa mguu, akaja kuelekea dirishani kujibizana na mama. Nadhani alitaka kumweleza habari ya saa.

Hakufika. Gereji ikalia mlio uliouzidi ule wa kwanza, na mlango mkubwa ukaanguka chini kwa kishindo.

Ile nati aliyoilegeza ilikuwa imebakiwa na nyuzi chache za bolti, zikashindwa zenyewe. Tulipoingia, bolti haikuwepo ukutani. Ilikuwa imevunja taa ya mbele ya pikapu, ikaenda kuchimba ukuta wa nyuma. Mahali ilipopita ndipo alipokuwa amechuchumaa Hamisi.



Mama akatoka nje. Wanawake walijaribu kumzuia, akawapita. Akaishika mikono ya Hamisi, akaipapasa vidole kimoja kimoja, kama mtu anayekagua mtoto aliyezaliwa sasa hivi. Akamgusa kifua, akamgusa uso. Halafu akarudi ndani, na ndipo alipolia. Akamlilia baba kwa jina lake, jina ambalo sikuwahi kumsikia akilitaja mbele ya watu.

Baada ya hapo wanaume waliuinua ule mlango kwa mikono mpaka juu, wakaukingia mitwangio ya mama kila upande. Pikapu ikatoka na taa moja, ikaondoka mjini kabla ya saa nane. Makaburini sikwenda, sisi wanawake hatuendi, kwa hiyo ya huko siyajui.

Kesho yake jioni, wanaume wakiwa wamesharudi, niliporudisha vikombe nilimsikia Hamisi akimuuliza Mzee Pazi kwa nini hakusema wazi. Akasema alipokuwa kijana Dar alifanya kibarua kwenye nyumba yenye mlango kama ule, na mwenzake alitolewa jicho na springi. Kisha akasema, "Msibani kwenu mimi nina mdomo mmoja tu, wa utani. Ningetumia mwingine, mngeniuliza nimetumwa na nani."

Springi mpya hatukuipata. Vipuri miaka ile vilikuwa hadithi. Mlango ulikingiwa na mitwangio ile mpaka tulipohama, na mama akachongesha mingine ya kutwangia.

Sasa kwa mwenzetu aliyeuliza. Ita fundi wa milango hiyo. Kama wako ni wa springi za pembeni, usifungue kitu mlango ukiwa chini. Uinuliwe wote, ukingiwe vizuri, springi zilegee kwanza. Ile ya kuzunguka kwenye chuma juu ya mlango siijui, sitakudanganya, ila nasikia ni mbaya zaidi.

La pili ni langu mimi. Tulikuwa watu wengi uani siku ile, wote tumesikia maneno yaleyale. Tuliyapima kwa mdomo ulioyasema, tukayaona mepesi. Mama peke yake aliangalia kitu gani kilikataliwa. Kwa sababu hiyo kaka yangu alioa, akazaa, akanizikia mume wangu, akazeeka.

Kwenu watani bado wanakuja msibani? Na kuna aliyewahi kuonywa kwa mzaha akapuuza? Andikeni. Nasoma komenti zote, ila kujibu nitachelewa, macho yangu siku hizi si mazuri.