Mama Meno Hang'oi, Hugeuza

Saa mbili na nusu asubuhi, gari la kliniki ya uzazi linaingia karakanani likisukumwa na watu wanne, dereva wake akiwa mmoja wao. Usukani ameushika mkunga mwenyewe. Fundi hafungui hata boneti. Anajifuta mikono, anamwamkia mkunga kwa heshima, kisha anamgeukia dereva.

"Likigoma, mkalisukuma kidogo likiwa ndani ya gia, halafu ukapiga stata tena, linakubali?"

Dereva, pumzi zikimwenda mbio, anakiri kwamba mara nyingi linakubali.

"Basi stata mmeionea bure."

Stata hiyo imekwisha kubadilishwa mara mbili kwa mafundi wengine. Wenye kliniki wameamua kwamba gari lisipowaka lenyewe kufikia kesho jioni, litauzwa kama chuma chakavu. La pili hawana, na uchungu wa kuzaa haungoji mtu.

Mtaa mzima humwita fundi huyu Mama Meno. Jina alilipata miaka kumi na tisa iliyopita, alipoandika ukutani kwa rangi nyekundu, akikusudia meno ya gia: TUNATENGENEZA MENO. Wiki ileile alikuja mzee aliyevimba shavu, akaketi juu ya tairi, akafumbua kinywa.

"Nikamwambia, Baba, koleo ninalo, lakini hulitaki," anasimulia. Maandishi hakuyafuta.

Kufikia adhuhuri giaboksi iko chini na flaiwili iko wazi: gurudumu zito la chuma nyuma ya injini, lililovikwa pete yenye meno mia na kumi na tano. Gia ndogo ya stata huyauma meno hayo ndipo injini izunguke. Mama Meno anapita na chaki, jino kwa jino. Mahali pawili panapoelekeana, meno yamebaki kama gunzi. Kikulacho ki nguoni mwako. Mafundi walikuwa wakimsaka mwizi nje.

"Injini ya silinda nne ikizimwa hupenda kusimama mahali palepale pawili," anaeleza. "Kila asubuhi stata inauma hapohapo; mkilisukuma, pete inasogea na stata inapata meno mazima. Hata wewe, mtu akikugonga bega lilelile kila siku, utachubuka."

Pete mpya ya gari kuukuu kama hili haipatikani. Hata hivyo, meno yameliwa upande mmoja tu, ule unaoingiwa na stata. Dawa ni kuivua pete, kuigeuza na kuivika tena ikiwa imepanuliwa kwa moto. Ikipasuka motoni, gari limekwisha.

Ufundi huu alifundishwa na mjomba wake. "Mara ya kwanza niligeuza bila kuchonga ncha za upande mpya. Stata ikagonga kama inapiga ukuta. Mjomba hakunigombeza. Alinipa tupa, akaenda zake kula."

Kesho yake, saa tano, meno yote yamechongwa kwa tupa hiyohiyo. Pete imelazwa juu ya mkaa. Moto wa gesi haufai, kwa kuwa huramba upande mmoja. Anaigusa pete kwa waya wa risasi ya kulehemu, ambayo huyeyuka joto likitosha. Bado. Moto ukipungua, pete haitaingia. Ukizidi, meno yatapoteza ugumu. Anagusa tena. Risasi inateleza kama chozi.

"Inua."

Yeye na dereva wanainua kwa makoleo, hatua tatu, wanaishusha juu ya flaiwili. Pete inakwama nusu, imeinama upande. Mkunga anaziba mdomo. Nyundo ya shaba inaanguka mara moja, mara mbili, mara tatu, na pete inakaa kitako kwa mlio mmoja mnene. Inapoa huku ikiikumbatia flaiwili.

Saa kumi na moja jioni kila kitu kimerudi mahali pake. Mkunga anashika ufunguo. Dereva, kwa mazoea, amekwenda nyuma na kuegemeza mikono kwenye gari.

"Toka huko, kaka, utaachwa," mkunga anamwambia.

Gari linawaka. Mama Meno anaamuru lizimwe na kuwashwa mara kumi; mara zote kumi linaitika.

Wakati wengine wakipongezana, yeye anakunja karatasi aliyochorea pete hiyo kwa vipimo vyake vyote.

"Pete haina upande wa tatu," anasema. "Ikiliwa na huku, sina pa kuigeuza. Kabla ya siku hiyo nataka niwe na mashine ya kuchongea pete mpya, hapahapa."

Na yale maandishi ya ukutani? Anayanyooshea karatasi ile.

"Nitaongeza neno moja chini yake: TUNAOTESHA. Wenye mashavu yaliyovimba na waje tu."