Jani la shaba kwenye sweta ya madamu

Leo nimemwagishwa begi langu getini kama mwizi.

Mimi fundi wa mbao wa hapa kambini Rubondo, wengi munanijua. Asubuhi niliitwa mjini, Nyamitanga, kutengeneza kabati la kizamani la Ufaransa, lenye majani ya shaba na vipande vya gamba la kobe vilivyobandikwa juu ya mbao.

Gundi imezeeka, shaba imeanza kujinyanyua. Kazi hiyo baba alinifundisha kule kwetu Uvira, kabla hatujakimbia.

Madamu mwenye nyumba alinisimamia kutwa nzima, ameegemea kabati. Jioni nilipofika getini, kazi ya kubandika ikibaki ya kesho, akasema, "Jani moja la shaba halipo. Nyinyi watu ya kambi, sisi tunajua nyinyi. Mwaga begi."

Nikamwaga. Patasi, gundi, chapati yangu.

Mlinzi wa geti ndiye aliyeliona. "Madamu, si ile iko kwa sweta yako?"

Lilikuwa limenasa kwenye mkono wa sweta.

Hakuona haya. "Basi bandika haraka."

Nikalinasua, nikamwekea mkononi, nikaokota vitu vyangu. Magamba yote niliyokuwa nimeyabandua nimeyaacha kwenye gazeti, mezani kwake, hayajabandikwa.

Amenipigia mara nne. Sipokei.

Niambieni, nyinyi mungerudi?

Mimi hata samahani yake siitaki tena.