Kikao cha Maji cha Bonde la Kamezawa

"Huna kura, shemeji," Isokichi aliniambia huku akinimiminia chai ya shayiri. "Kunywa, kula biringanya, lakini mkono wako ukae chini."

"Mkono ni wangu, nitauweka nitakako."

"Mashamba yenu mliyauza. Asiye na jaruba la mpunga hana maji, na asiye na maji hana kura. Sheria hiyo aliiweka babu yangu."

"Babu yako hata mkanda wa nguo yake alifungiwa na mkewe. Na aliyeuza ni kaka yako, si mimi. Muulize yeye."

"Yuko kaburini."

"Basi msubiri. Una haraka gani?"

Akacheka puani, kisha akakunja uso kama mtu aliyekumbuka kwamba leo si siku ya kucheka. Tulikuwa wawili tu katika nyumba ya mikutano, mimi Tane, mjane wa kaka yake, na yeye, mzee mkavu kama kuni ya mwaka jana. Lakini mito ya kukalia alikuwa ameipanga mkekani kufuata kuta zote nne, kama zamani kila nyumba ya bonde ilipoleta mtu wake. Mbele ya kila mto kikombe. Kikao cha maji cha kiangazi ndivyo kinavyopangwa, na Isokichi si mtu wa kupunguza kikombe kwa sababu tu mnywaji amekufa.

Yeye ndiye mwenyekiti wa chama cha maji. Ndiye mweka hazina pia, na ndiye wanachama. Mwaka jana alijikaripia mbele yangu kwa kuchelewa kufagia mfereji, akajiomba radhi, akajisamehe. Nilicheka hadi meno yangu ya bandia yakaanguka ndani ya chai. Mwaka huu hoja ilikuwa moja tu: chama kivunjwe, na majaruba yake yarudi kwa jiji.

Jiji lilipolichukua bonde letu na kulifanya bustani ya watu wote, lilikubali jambo moja. Majaruba yanayolimwa yabaki ya mpunga, na watu wapite kandokando wapunge hewa. Lakini siku mkulima atakaposema basi, yanasawazishwa na kupandwa nyasi. Yetu yalipandwa siku nyingi. Pale mume wangu alipovunia mchele mtamu hata shomoro wakawa wanaomba ruhusa kabla ya kula, sasa watoto wanarusha tiara na watu wanatandika shuka wale mikate. Sina kinyongo nao. Ila nikipita hapo naona miguu yangu inatafuta matope.

Majaruba ya Isokichi ndiyo ya mwisho. Yanashuka ngazi kwa ngazi toka chemchemi hadi njia ya wapita matembezi, na tangu mkewe Fusa afariki anayalima peke yake. Kufungua maji ni kazi ya watu wawili huku kwetu. Mmoja anakwenda kilango cha juu cha mfereji, anachomoa ubao unaozuia maji. Mwingine anasimama chini kabisa, na maji yakimgusa vidole anapiga ukelele, "Yamefika!" Fusa alikuwa na sauti hiyo! Akipiga ukelele wake, kuku wa bonde la pili walitaga mayai ambayo hawakuwa wamekusudia. Siku hizi Isokichi huchomoa ubao, halafu anashuka taratibu kwa magoti yake mabovu, anasimama pale aliposimama mkewe, anangoja. Maji yakimgusa anasema "yamefika," polepole, kama mtu anayemwamsha mtoto. Nilimsikia nikiwa nyuma ya mianzi. Sikutoka.

Na usifikiri yuko jangwani. Jumapili watu ni wengi bustanini kuliko senene. Wanampiga picha akiinama, wanampiga akiinuka. Kwenye kibao cha ramani pale langoni wamechora choo, wamechora maegesho ya magari, wamechora chura, na wamemchora yeye na kofia ya majani, chini wameandika "Mkulima." Watoto wanampungia, "Mkulima! Mkulima!" Naye anapunga. Jina lake hakuna aliyewahi kumuuliza. Bwana Ukai, kijana msimamizi wa bustani, analijua, lakini Bwana Ukai ana bustani tatu na pikipiki moja.

Sasa lililotokea ndilo hili. Katikati ya kiangazi mpunga hunyimwa maji makusudi. Jaruba linakaushwa hadi udongo upasuke na kidole kiingie kwenye ufa. Mizizi ikikosa maji juu inayafuata chini, na mpunga wenye mizizi mirefu haulali kimbunga kinapokuja. Kila mtoto wa bonde hili alilijua hilo kabla ya kujua kufuta kamasi. Isokichi akafunga kilango, akakausha. Kwa kuwa wakati huo hakuna kazi jarubani, akakaa ndani akiuguza magoti.

Alipotoka akakuta majaruba yamejaa maji pomoni. Ubao umechomolewa, na umelazwa ukingoni vizuri, juu ya jani, kama kijiti cha kulia wali cha mgeni.

Alikasirika! Mvuke ulimtoka masikioni, angeweza kupikia wali. "Ni watu wa viluwiluwi," akaapa. "Wameona viluwiluwi vinakauka wakavionea huruma, na mimi nife njaa!" Akajaribu kukausha tena, lakini mvua zikaja mfululizo, na wakati wake ukapita. Mpunga ukawa mrefu, laini, wenye kiburi. Upepo wa kwanza utaulaza chini, na mpunga uliolala majini punje zake huota palepale masukeni.

Mimi ndimi niliyempata mwenye mkono uliochomoa ubao. Nilikaa kwenye benchi la bustani asubuhi nikijifanya ninalisha njiwa, na nikawauliza wapita matembezi mmoja mmoja. Mwanamke mmoja akawa mwekundu hadi shingoni. Anaitwa Bi Orie, anaishi kwenye maghorofa ya ng'ambo ya barabara, mtu mzima mwenye mbwa mzee kuliko mimi.

"Ni mimi, bibi," akasema. "Kila asubuhi namwona yule babu. Siku hizo sikumwona. Halafu nikaona udongo umepasuka. Nikajua amefariki."

"Amefariki!"

"Nilidhani hivyo. Nikaona nisiuache mpunga wake ufe naye. Nilichomoa ubao nikalia njia nzima hadi nyumbani."

"Nyumba yake ile pale, paa la bluu. Hukubisha hodi?"

Akamtazama mbwa. "Ningesema nini? Simjui hata jina."

Nikamwonya, kwa sauti niliyoitumia kuwatisha wajukuu, kwamba anayegusa kilango cha Kamezawa asipohudhuria kikao cha maji, vyura watalia ndani ya sufuria yake ya wali hadi uzee. Nikamtajia na siku.

Kisha nikafanya ujinga. Nilikwenda kumweleza Isokichi ukweli nikidhani utampoza. Alisikiliza hadi mwisho. Hasira ikamtoka yote, na hicho ndicho kilichonitisha, kwa sababu mtu yule bila hasira hana kitu kingine cha kumsimamisha.

"Kwa hiyo nilikufa," akasema. "Wakaja wakauhudumia mpunga."

"Alikulilia, shemeji. Mimi nikifa nani atanililia? Wewe? Utauliza kama nimebakiza biringanya."

Hakucheka. Kesho yake akapanga mito.

Ndivyo tulivyofika kikaoni, na chai yangu ilikuwa imepoa.

"Mpunga utalala," alisema. "Ulale. Nyasi hazilali. Watu wanataka mahali pa kutembea, nao watatembea."

"Na wewe utafanya nini asubuhi?"

"Nitatembea. Nitanunua mbwa."

"Mbwa atakukimbia. Sikiliza, mwenyekiti. Kikao hiki si halali. Mwanachama mmoja hayupo."

"Wanachama wote hawapo, ndiyo maana navunja."

"Sheria ya babu yako. Mwenye kukitia mkono kilango cha maji ana deni la kazi kwenye mfereji, na mwenye deni la kazi ana mto hapa. Yule mwanamke alikitia mkono. Huwezi kupiga kura bila yeye."

Isokichi aliweka kikombe chini. "Sheria hiyo umeitunga sasa hivi."

"Nimeitunga! Mimi? Nilikuwepo hapa bibi harusi mbichi, nikimimina chai, babu yako alipoisema. Alisimama pale, akapiga chafya, akaisema. Nzi wawili walikuwa mashahidi."

"Babu alifariki kabla hujaolewa."

"Basi alirudi kuisema. Ilikuwa sheria muhimu."

Mdomo wake ulitikisika pembeni, nikafikiri nimempata. Lakini akatazama ile mito, mmoja mmoja, akizunguka nayo kwa macho ukuta mzima, nami nikajikuta nazunguka naye. Wa Fusa ulikuwa karibu na mlango, mahali pa kuinuka upesi kuleta chai. Alikuwa ameukung'uta.

"Umenichosha, shemeji," alisema taratibu. "Si wewe. Ni kuongea na vikombe." Akajiweka sawa, akakaa kwa magoti kama inavyotakiwa, ingawa niliona usoni yanavyomuuma. "Mwenyekiti anauliza. Wanaokubali chama kivunjwe na majaruba yawe nyasi, wainue mkono."

Akainua wake.

"Mkono huo unatetemeka," nikasema. "Mkono unaotetemeka hauhesabiwi."

"Nyamaza, Tane. Wanaokataa, wai—"

Mlango ukasukumwa pembeni. Bi Orie alikuwa amesimama kizingitini, mabuti mapya ya mpira mkononi, karatasi ya bei bado inaning'inia, akiitazama ile mito yote mitupu bila kujua akae wapi.