Chaza wa Bi Mkubwa

Mume wetu alipooa mke wa pili, pilau la harusi nililipika mimi, na Likoni nzima ikanisifu kwa moyo wangu mkubwa. Moyo mkubwa gani? Nilikoroga sufuria machozi yakinitoka, nikasingizia moshi wa kuni. Nilijipoza kwa jambo moja tu. Bwana alipenda chaza kuliko nyama, na kwa kupika chaza yule msichana hanipati.

Basi miaka ile uhuru unakaribia akaja mtafiti wa kizungu, akapanga nyumba upande wa Shelly Beach. Alikuwa akichunguza ile rangi nyekundu inayopakwa matumbo ya meli. Ina shaba ndani yake, na yeye alitaka kujua ikikwanguliwa ikaanguka majini inawafanya nini viumbe wa ufukweni. Akatafuta mwanamke wa kumwokotea chaza huku na huku. Mimi niliyezaliwa na maji yale akaniacha, akamchukua mke mwenzangu, eti anajua kusoma, ataandika vibandiko vya chupa.

Wallahi niliungua. Mwenzangu alirudi jioni ananukia spiriti, anahadithia habari za shaba na risasi, na bwana kamkodolea macho kama anasikiliza redio. Mimi nikiongea, husinzia.

Nikaamua nitamwonyesha. Pale meli zinapopandishwa kukwanguliwa hapakuwa na mtu anayeokota, kwa harufu ya rangi. Miamba ilikuwa mitupu, huoni konokono, huoni kaa anayekimbia. Chaza tu, tena wakubwa kama kiganja, kwa kuwa hakuna aliyewagusa. Nyama yao ilikuwa na ukijani. Nikajiambia huo ni unono. Nikawapika kwa tui zito na ndimu, na bwana akakomba sahani.

"Leo umenimaliza, mke wangu," akasema.

Tangu hapo hata siku za zamu ya mwenzangu alikuja kuchungulia jikoni kwangu. Usiku alilalamika tumbo linamkata, nami nikamwambia ni pilipili. Nilikuwa na raha ambayo sikuwa nayo tangu ile harusi.

Lakini wivu haushibi. Nikataka na yule mtafiti anijue. Nikajaza kikapu, nikampelekea barazani kwake, mwenzangu yupo pale anaosha chupa. Mzungu akapasua chaza mmoja, akapasua wa pili, uso ukamchangamka.

"Bibi, umewatoa wapi hawa? Mwaka mzima nawatafuta."

Nikamtajia mahali, huku namtupia mwenzangu jicho la pembeni. Hapo ndipo yule mtafiti akaanza kueleza. Chaza hunyonya maji kutwa, akasema, na shaba hubaki mwilini mwake. Ule ukijani ndiyo shaba yenyewe. Konokono na kaa hawakuistahimili, ndiyo maana miamba imebaki mitupu.

"Hawa asile mtu," akasema. "Nyumbani hamli, sivyo?"

Mwenzangu alijua vizuri bwana anakula nini, na tumbo linalomkata alilisikia hata chumbani kwake. Neno moja tu kutoka kwake, na mimi ningetoka nyumba ile na talaka mkononi, mwanamke aliyemlisha mumewe sumu. Mimi ningekuwa yeye, ningelisema.

"Nyumbani twala wale ninaookota mimi, bwana," akajibu, akaendelea kuosha chupa zake.

Tulirudi pamoja mpaka tukakaribia mlango wa nyumbani.

"Bi Mkubwa," akaniambia, "mume wetu akiuliza chaza, nitamwambia mawe yanakuumiza miguu, tukupumzishe."

Na ndivyo alivyomwambia. Bwana akaguna, akala samaki, na siku chache baadaye tumbo likatulia. Toka hapo chaza akaleta yeye, wa upande wa mikokoni, wadogo na safi, akawapika kwa tui kama nilivyomfundisha mwenyewe zamani.

Mume wetu tumemzika kwa maradhi ya uzee, na neno lile halijamtoka mwenzangu hadi leo, hata siku tuliyogombana tukatupiana masufuria. Watu husema tuna bahati, wake wenza tunaopendana. Angalilisema siku ile barazani, ningalimchukia nikapumzika. Hata hilo alininyima.