Nyumba ya Kibiti na Dungu la Mama

Nilipomaliza chuo cha ualimu, Mzungu wa idara ya elimu aliniuliza nataka kufundisha wapi, Dar es Salaam au Kibiti. Wenzangu wote waliikimbilia Dar. Mimi nikasema Kibiti, wakanicheka mpaka mbavu zikawauma. Sikuwaambia sababu. Baba alikuwa amefariki, mama amebaki peke yake kijijini kwetu Mkongo, nami nilitaka kuishi naye mwaka mzima, jambo nililolikosa tangu nipelekwe shule ya bweni.

Nikaenda kumpa habari. Nyumba nikaikuta imefungwa. Kijiji kizima kilikuwa kimeshuka bondeni kulinda mpunga. Mama alikuwa juu ya dungu, kibanda kilichosimama juu ya nguzo katikati ya shamba, anavuta kamba ya madebe kufukuza ndege.

Nilipanda ngazi na maswali tele. Chuo kilikuwa kimenifanya mgeni wa mambo niliyokulia. Moto unawakaje juu ya sakafu ya fito? Akanionyesha udongo aliousiliba mekoni. Maji ya mto yakijaa, unatokaje? Akanyoosha kidevu kuelekea mtumbwi uliofungwa kwenye nguzo. Na nguruwe?

"Nguruwe hawajajua kupanda ngazi, mwalimu," akasema, akacheka peke yake.

Nikamsifia Kibiti: nyumba ya bati, kisima karibu, barabara mlangoni. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Nitakuja, mwanangu. Ngoja tuvune."

Na kweli alikuja, mkeka kichwani. Nilifurahi kupita kiasi. Nikampa chumba chenye dirisha, nikawatangazia majirani kwamba mama amehamia. Akapata mashoga, akawa ananikosoa ninavyopika. Mawingu ya vuli, msimu wa kurudi shambani, yalipoanza kujikusanya, nikamkuta anakunja mkeka.

"Mama, unakwenda wapi? Hapa si kwako?"

"Hapa kwangu. Na kule kwangu."

"Basi chagua mahali pamoja. Mimi Dar niliiacha kwa ajili yako."

Alinitazama kwa huruma. "Mwanangu, mtu hukaa mahali pamoja akishazikwa. Aliyekwisha kuchagua ni baba yako."

Nilimbebea mzigo hadi barabarani huku machozi yananilenga, nikamuuliza likizo yangu ikifika maji yatakuwa yamejaa kiasi gani kule.

Akaniambia nije na shuka yangu mwenyewe.